Kidevu cha Ardys Vandehei Mbele ya Mtahini wa Jimbo

Njooni mkae, enyi mnaopenda habari za mashujaa. Aliye na chungu jikoni akishushe, aliye na ugomvi na jirani auweke kando uzidi kuchacha, na mwenye kikohozi akimalize sasa hivi, kwani nikishashika njia sigeuki nyuma. Wengine wamekwisha kuwasimulia habari za majemedari waliovuka milima na ndovu wao, na za wafalme walioteka miji kwa hila na kwa moto. Hayo ni makubwa, wala siyakanushi. Mimi ninayo habari ya udevu mmoja, mweusi, mnene, mkaidi kama punda wa mjane, ulioota katika kidevu cha mwanamke wa Wisconsin, na jinsi ulivyong'olewa mchana kweupe, mbele ya mashahidi, kwa mujibu wa sheria za jimbo.

Katika mji wa Stenby, ambako ziwa huganda kabla watu hawajamaliza kula maboga yao, aliishi Lorna Vandehei, mke wa Dale, Lorna mwenye mkono mtulivu kuliko maji yaliyoganda. Mchana alifunga jibini kiwandani, na kiwanda chote kilijua kwamba kipande alichokifunga yeye hakikuwa na kunyanzi. Jioni aliendesha gari kwenda mji wa pili, chuoni, kujifunza ile fani adhimu ya kuondoa nywele kwa sindano ya umeme: sindano nyembamba kuliko unywele wenyewe, inayopenyezwa katika kitundu kile kile unamotokea unywele, ikaachia chembe ya umeme, ikaua mzizi, kisha unywele ukatoka kwa hiari yake pasipo kuvutwa, usirudi tena hadi parapanda ya mwisho.

Wala msidhani ni fani ya kuchezewa. Katika nchi ile mtu aliweza kununua bunduki ya kuwindia katika duka lile lile alikonunua misumari, wala hakuna aliyeshtuka. Lakini kumpenyezea jirani yako sindano kidevuni bila leseni ya jimbo lilikuwa kosa, na mwenye kulitenda aliitwa mvunja sheria. Basi Lorna aliitaka leseni ile kama vile manabii walivyoitaka mvua. Nyuma ya duka la vifaa la mzee Gundersen palikuwa na chumba kidogo chenye sinki na dirisha la kaskazini, na Lorna alikuwa amekwisha kukipenda. Bibi aliyewahi kuifanya kazi hiyo mjini alikuwa amestaafu akakimbilia kwenye joto la kusini, na tangu siku ile wanawake wa Stenby walikuwa wakisafiri mbali, mmoja mmoja, kwa siri, huku wakiwaambia waume zao kwamba wanakwenda kuangalia mapazia. Mapazia ya Stenby yalikuwa yale yale tangu enzi za bibi zao.

Gundersen alisema, "Nakuwekea mpaka Krismasi, Lorna. Ukikosa leseni, kuna bwana anataka kuuza chambo humo. Nyungunyungu na vile visamaki vidogo."

Na mtihani wa jimbo ulikuja wakati wa baridi na wakati wa joto tu. Atakayeukosa wa baridi, chumba chake kitajaa nyungunyungu.

Sasa sheria, ambayo haikusahau kitu, iliagiza kwamba kila mtahiniwa aje na mtu wake wa kufanyiwa, aliye hai, mwenye nywele nene za kutosha usoni. Hapo Lorna hakuwa na wasiwasi, kwa maana Dale mumewe alifuga ndevu tangu mwisho wa kiangazi, ndevu nyeusi zilizosimama kama mabua baada ya mavuno. Kwa ajili ya mtihani, alisema yeye, na kwa ajili ya kulungu, kwa sababu katika nchi ile hakuna mwanamume aendaye kambi ya mawindo na uso mtupu. Akaenda kambini mwezi wa kumi na moja. Lorna akambusu kwenye shavu kama mtu anayebusu hati ya shamba.

Hata msimu wa kulungu ulipokwisha, Dale akarudi. Lorna alikuwa anakunja nguo sebuleni. Dale akasimama mlangoni, kofia yake ya rangi ya chungwa mkononi, na uso wake ulikuwa mweupe na laini kama yai lililomenywa.

"Dale," Lorna akasema. "Ndevu ziko wapi?"

"Nisikilize kwanza, mke wangu."

"Nakusikiliza. Ziko wapi?"

"Kulikuwa na kulungu. Dume. Pembe hivi." Akaonyesha. "Kasimama ubavu kabisa, kama anasubiri kupigwa picha. Nikamkosa."

"Si mtu akimkosa kulungu mnamkata mkia wa shati?"

"Mwaka juzi walikata. Mwaka jana wakakata. Mwaka huu wakasema shati la Dale halina tena pa kukatwa. Wakapiga kura."

"Na wewe ukanyamaza?"

"Nilikuwa na kura moja tu, mpenzi."

"Ungewaambia hizo ni ndevu za mtihani."

"Niliwaambia," Dale akasema kwa huzuni. "Ndipo walipotafuta na sabuni."

Lorna hakupiga kelele. Aliendelea kukunja soksi moja ya mumewe, akaikunja na kuikunja mpaka ikawa ngumi. Mtihani ulikuwa Jumanne ya wiki iliyofuata, na ndevu za Dale zilikuwa zimelala katika majivu ya jiko la kambi, kilomita nyingi msituni, zikiomboleza.

Ndipo Lorna alipotoka kuutembelea mji, mfano wa jemedari aliyebakiwa na bendera pasipo jeshi. Alimwendea Petska jirani yake, akakuta ndevu zake ni za rangi ya majani makavu na nyororo kama manyoya ya kifaranga; mtahini angecheka. Alimwendea Elroy dereva wa gari la kuparura theluji, mwenye ndevu za kutosha kushonea blanketi, na Elroy akakubali kwa moyo wote, mpaka Lorna alipofika kwenye neno sindano. Walimwinua sakafuni wakampa maji. Alimwendea hata padri. Padri akamwambia kwa upole kwamba ndevu zake ni za Majilio na hawezi kuziondoa kabla ya Noeli, naye Lorna hakujua kama ni mafundisho ya kanisa au ni woga uliovaa kanzu.

Hivyo ikawadia Jumapili, na Jumapili wana wa Vandehei hula kwa mama yao.

Nisaidieni hapa, enyi wenye kutunza kumbukumbu za wakubwa, nisije nikapunguza sifa ya mtu. Kwa maana sasa anaingia Ardys Vandehei, mjane wa Orville, malkia wa meza ya karata, sauti yake kengele ya shaba. Ardys ambaye mbele yake wauza bima waligeuza magari, na ambaye mzee Gundersen alimpunguzia bei kabla hajaombwa. Mwanzoni mwa mwezi aliteleza kwenye barafu ya ngazi za kanisa, akavunjika mkono wa kulia, na sasa mkono ule ulikuwa ndani ya plasta ngumu hadi juu ya kiwiko. Na tangu siku aliyofungwa plasta, Ardys hakuonekana bila skafu ya sufu iliyozungushwa shingoni mpaka karibu na mdomo. Koo, alisema. Baridi imemkamata koo.

Familia nzima ilikubali kwamba ni koo, kama ilivyokubali mambo mengine mengi. Kwa kuwa kila asubuhi, miaka na miaka, Ardys alijifungia bafuni na kibano chake, akasimama penye mwanga wa dirisha, akapigana vita visivyotajwa. Hakuna mtoto aliyeuliza. Orville mwenyewe, Mungu amrehemu, aliingia kaburini akijifanya hajui. Lakini mkono ulioshika kibano ndio uliovunjika, na ule wa kushoto ulipojaribu ulitoboa shavu tu. Na kumwomba mtu mwingine kulikuwa sawa na kumkabidhi ufunguo wa ngome. Akaona heri afe na skafu.

Siku hiyo kulikuwa na supu ya kuku. Ardys aliinywa kwa mkono wa kushoto, akainua kijiko, skafu ikateleza kidogo, akaipandisha upesi. Haikuwa upesi vya kutosha. Lorna, mwenye jicho lililofundwa chini ya taa ya kukuza, aliona. Aliona kama msafiri wa jangwani aonavyo kijani kwa mbali: hapa na hapa na pale, nene, nyeusi, hazikuguswa tangu mwanzo wa mwezi, zimesimama kama walinzi wa zamu.

Akamfuata Dale jikoni alikokuwa anaosha vyombo.

"Dale, umeona?"

"Sijaona kitu."

"Hujaona nini?"

"Chochote unachotaka kusema nimeona, sijakiona."

"Mtihani ni keshokutwa. Nitamwomba."

Dale akaacha sahani ndani ya maji. "Lorna. Nimemkosa kulungu na nimekunyima ndevu, najua nina kosa. Lakini mimi bado nataka kuwa na mama."

"Nenda kaondoe theluji mlangoni kwake."

"Niliondoa asubuhi."

"Basi kaitazame isirudi."

Dale akatoka. Lorna akaingia sebuleni, akaketi mkabala na mama mkwe wake, na kati yao palikuwa na meza yenye kitambaa cha kufuma na vikombe viwili vya kahawa. Nawaambieni, nimesikia habari za wajumbe waliokwenda katika mahema ya maadui na vichwa vyao mikononi, lakini hakuna aliyekwenda na neno zito kuliko lile alilolibeba Lorna ulimini. Kwani mke wa mtu anaweza kumwambia mama mkwe kwamba keki yake imeungua, akasamehewa baada ya Pasaka mbili au tatu. Lakini hili halikuwa na Pasaka.

"Mama," akaanza. "Koo linaendeleaje?"

"Koo lipi?"

"La skafu."

Ardys akakoroga kahawa ambayo haikuwa na sukari. "Sema ulilokuja kusema, mwanangu. Kinywaji kinapoa."

"Jumanne nina mtihani wa jimbo, na sina mtu."

"Nimesikia. Nimemzaa mjinga, hilo nalijua tangu anatambaa."

"Nahitaji mtu mwenye..." Lorna akatafuta neno katika ghala zote za moyo wake. "Mwenye ujasiri, Mama."

"Usinizungushe. Ujasiri hauoti usoni."

Saa ya ukutani ikaendelea na kazi yake. Nje koleo la Dale lilikwaruza saruji iliyokwisha kuwa safi. Kisha Ardys Vandehei akashika ncha ya skafu kwa mkono wa kushoto, akaizungusha, akaizungusha tena, akaiweka mapajani. Akainua kidevu kwenye mwanga kama mwenye mji anayejisalimisha.

"Haya, tazama. Umeridhika?"

Lorna akasogea. Alikuwa amejiandaa kwa huruma, lakini fani ilimtangulia. "Mama," akasema taratibu, "ni nzuri sana."

"Nini nzuri?"

"Hizi. Nene, nyeusi, na zimeshikilia vizuri. Huu mmoja hapa kati, Mama, mwalimu wangu akiuona atalia."

Ardys alimtazama muda mrefu akitafuta dhihaka, asiione. Kitu kikalegea katika uso wake. "Toka niko msichana nazipiga vita," akasema, "na wewe ndiye wa kwanza kuzisifia."

Kisha, kama mchezaji mkongwe wa karata atoaye turufu, akainama mbele. "Sindano yako iko kwenye gari?"

"Iko."

"Basi ilete. Nikae pale dirishani, unitoe hizi takataka leo hii, tumalizane. Chumba cha Gundersen nitakizungumzia mimi. Atakuwekea mpaka kiangazi. Atakuwekea mpaka afe, nikimwambia. Utafanya mtihani mwingine na mtu mwingine, na mimi sitakwenda popote."

Kumbukeni hapa, wasikilizaji, kwamba Gundersen kweli alimwogopa. Milango yote ilikuwa wazi mbele ya Lorna: chumba, muda, na shukrani ya mwanamke ambaye hakuwahi kumshukuru mtu. Alichotakiwa ni kwenda kwenye gari na kurudi.

"Siwezi, Mama."

"Huwezi au hutaki?"

"Sina leseni. Nikigusa hata mmoja hapa sebuleni, nimevunja sheria."

"Nani atajua? Mimi? Nimenyamazia jambo hili tangu kabla hujazaliwa."

"Mimi nitajua. Na siku nikikaa kwenye kile chumba na karatasi ya jimbo ukutani, nikimwambia mwanamke asiogope, niko halali, nitakuwa nadanganya."

Ardys akaegemea kiti. Hakuzoea kukataliwa, na alikuwa anaonja ladha yake. "Kwa hiyo ndevu zangu hazitoki mpaka jimbo litazame."

"Ndivyo, Mama."

"Na huko kwenye mtihani kuna nani?"

"Mtahini mmoja. Wenzangu, na watu wao wa kufanyiwa."

"Hao watu wao nao wanazo?"

"Wote. Asiye nazo haruhusiwi kuingia."

"Wanawake pia?"

"Wengi ni wanawake, Mama."

"Chumba kizima," Ardys akasema.

"Chumba kizima."

Bibi yule akakaa kimya, na kimya chake kilikuwa cha aina ambayo Lorna hajawahi kuiona, kimya cha mtu aliyeishi kisiwani peke yake na sasa ameambiwa kuna moshi ng'ambo ya maji. Hatimaye akaichukua skafu, akaanza kujifunga tena.

"Dale mwambie tunakwenda kuangalia mapazia," akasema.

Jumanne wakaondoka kungali giza, theluji ikija mbele ya kioo kama mishale ya jeshi lisilokwisha, na Lorna akaendesha mikono yote miwili ikiwa imeshika usukani, huku Ardys akila vipande vya jibini mbichi kutoka kwenye mfuko na kumkosoa kila dereva aliyewapita. Wakavuka mito iliyoganda. Wakapita mashamba yaliyolala. Wakaingia makao makuu ya jimbo, katika jengo la matofali lililonuka nta ya sakafu, wakapanda ngazi.

Ukumbi ulikuwa na vitanda vya kuegemea vilivyopangwa safu kwa safu, na juu ya kila kimoja taa yenye kioo cha kukuza. Na hapo, kandokando ya ukuta, waliketi wale watu wa kufanyiwa. Palikuwa na mtawa mzee aliyekunja mikono. Palikuwa na mwalimu wa shule mwenye miwani, na mke wa mkulima, na tarishi mmoja mwenye masikio yenye manyoya. Na shingoni mwa wanawake, ingawa ndani kulikuwa na joto, palikuwa na skafu: za sufu, za hariri, za maua. Ardys alizitazama moja baada ya nyingine. Mtawa akamtazama yeye. Kisha mtawa akaifungua ya kwake, akaikunja vizuri kama anakunja kitambaa cha altare, na Ardys akavua yake kama jemedari avuavyo kofia ya chuma mbele ya jemedari mwenziwe.

"Nimeteleza kwenye barafu," Ardys akasema, akionyesha plasta.

"Mimi macho," mtawa akasema. "Sizioni tena."

Mtahini akaingia, Bi. Threlkeld, mrefu, amevaa koti jeupe, sauti yake ya chini na kavu kama ufunguo unaogeuzwa. Akatangaza masharti. Mtahiniwa anawe mikono, na akigusa kisicho safi anawe tena. Chombo kilichoanguka hakiguswi. Mtahiniwa na mtu wake wasizungumze hata neno moja. Unywele utoke wenyewe; ukivutwa, hauhesabiwi.

"Hata neno moja?" Ardys akauliza.

"Hata moja, Mama," mtahini akajibu.

Hapa, enyi wasikilizaji, ndipo lilipoanza tendo kuu kuliko yote ya siku ile, kwa maana Ardys Vandehei alinyamaza. Alinyamaza Bi. Threlkeld alipoinamia kidevu chake na kusema kwa sauti ya ofisi, ukumbi wote ukisikia, "Nene, nyeusi, nyingi. Panafaa." Damu ilimpanda mpaka kwenye nywele za kichwa, mkono wa kushoto ukashika ukingo wa kitanda, na hakunena. Nafsi yake ilikuwa na majibu kumi, akayameza yote kama dawa.

Lorna akanawa. Akavaa glavu. Akasafisha kidevu kwa pamba yenye spiriti, akashusha kioo, na chini ya kioo kile kidevu cha mama mkwe kikawa bara zima, lenye mabonde yake na nyika zake, na katikati ule udevu mmoja, mkuu wao, umesimama peke yake kama mnara. Lorna akamchagua huyo. Angeweza kuchagua mdogo, hakufanya hivyo.

Akanyoosha mkono wa kushoto kuchukua kibano. Na mkono ule, mtulivu kuliko ziwa lililoganda, ukatetemeka. Kibano kikagonga ukingo wa trei, kikaruka, kikaanguka sakafuni kwa mlio mdogo ambao masikioni mwake ulikuwa kama mnara wa kanisa unaoporomoka.

Mtahini akageuza kichwa. Lorna, ambaye maishani mwake hakuwahi kuacha kitu sakafuni, alikwisha kuinama. Si kwa kutaka kukitumia. Ni ile tabia tu ya mwanamke aliyelelewa katika nyumba safi, na tabia hiyo ilikuwa inamshusha vidole viende vikaguse sakafu ya jimbo mbele ya macho ya jimbo.

Ndipo kiatu cha baridi cha Ardys, chenye soli nene na chumvi ya barabarani, kiliposhuka kutoka kitandani, taratibu, bila haraka, kikatua juu ya kibano.

Lorna akakitazama kiatu. Akanyooka. Akavua glavu, akaenda akanawa tena, akavaa nyingine, akachukua kibano kingine kutoka kwenye chombo cha vilivyochemshwa. Bi. Threlkeld alikuwa amesogea na kusimama miguuni mwa kitanda, anakitazama kile kiatu.

"Mama, mguu wako?"

Ardys akaelekeza kidole kwenye midomo yake, kuonyesha kwamba amekatazwa kusema.

Mtahini akatazama saa yake kwa bidii, kama mtu anayezuia kicheko.

Sasa Lorna akashusha sindano. Akaifuata njia ya unywele, chini, chini, mpaka pale ambapo hukataa kwenda zaidi. Akakanyaga pedali ya umeme. Akahesabu moyoni. Akatoa sindano, akashika udevu kwa kibano, akainua kidogo sana, kama mtu anayejaribu kama mlango umefungwa. Umefungwa. Mzizi ulikuwa bado hai. Na hapo ndipo wengi wameangamia, kwa kuwa udevu uko mkononi, na kuuvuta ni jambo la nusu pumzi, na nani ataona? Ardys, mvutaji mkongwe, alijua hasa nini kinafuata. Akafumba macho akingoja mchomo anaoujua.

Mchomo haukuja. Lorna aliuachia. Akapumua, akabadili pembe ya mkono kiasi cha unene wa ukucha, kwani mzizi ule ulikuwa umejipinda kwa ukaidi wa miaka, akapenyeza tena, akakanyaga tena. Akashika. Akainua.

Na udevu ukatoka. Ulitoka polepole, mrefu kuliko ulivyoonekana, kwa utulivu wa mgeni anayeaga baada ya chakula, na nyuma yake ukaja mzizi wote, mweupe, umelainika. Lorna akaulaza juu ya pamba chini ya taa.

Bi. Threlkeld akainama, akautazama muda mrefu. Kisha akamgeukia aliyelala. "Sasa nakuruhusu kusema, Mama. Umesikia kuvutwa?"

Ardys akafumbua macho.

"Dada yangu," akasema, na kengele ile ya shaba ikajaza ukumbi hadi kwenye madirisha, "kidevu hiki nimekivuta mwenyewe kila siku tangu ningali msichana. Nimekivuta nikiwa na mimba, nimekivuta asubuhi ya kumzika mume wangu. Kuvutwa nakujua kama jina langu. Huku hakukuwa kuvutwa. Nikiitwa mahakamani, nitaapa."

Kwenye kitanda cha pili mtawa akasema, "Amina."

Wakamaliza zilizobaki, na mchana watahiniwa wakaketi kwenye benchi la korido mpaka majina yaliposomwa. Lilipofika la Lorna na kuambiwa amefaulu, leseni itakuja kwa posta, hakusimama. Alibaki ameketi, mikono juu ya magoti, akiitazama kama mikono ya mtu mwingine. Ardys akamshika bega.

"Twende, mwanangu. Nina njaa, na njiani kuna yule mama anayepika pai."

Ijumaa, kama kila Ijumaa, Stenby nzima ilikuwa katika ukumbi wa chini wa kanisa kula samaki wa kukaanga, na moshi wa mafuta ulikuwa umeshika madirisha. Ardys aliketi mahali pake, kidevu chake wazi, laini, chekundu kidogo bado. Mkabala naye aliketi Verna Dufek, hasimu wake wa karata kwa miaka mingi.

"Lorna," Verna akasema, akikamua limau, "eti unafungua kile chumba cha Gundersen. Mimi nakuonea huruma. Nani atakuja? Stenby haina wanawake wa namna hiyo."

Dale akainamia kabichi yake. Lorna akafungua mdomo, lakini kiti kilikuwa kimekwisha kusukumwa nyuma. Ardys alikuwa amesimama, glasi ya brandi katika mkono wa kushoto, na ukumbi, ambao ulimjua, ukanyamaza kutoka meza hadi meza mpaka kwenye mlango wa jikoni.

"Mkwe wangu amefaulu mtihani wa jimbo," akasema. "Mnajua huo mtihani unataka nini? Unataka mikono, na unataka kidevu. Mikono ni ya kwake." Akanywa kidogo. "Mimi ndiye niliyekuwa kidevu."

Kisha, katika ukumbi mzima, meza hii na ile, polepole, kama nyasi zinapopitiwa na upepo, mikono ya wanawake wa Stenby ikapanda kila mmoja kwenye kidevu chake, ikakaa hapo.

Verna Dufek akaegemea mbele. "Kile chumba," akamnong'oneza Lorna, "kina mlango wa nyuma?"

"Kina," Lorna akasema.

"Pita wa mbele, hauna kizingiti," Ardys akasema, akiketi na kuvuta sahani yake. "Utaingia vizuri zaidi."

Basi wenye kalamu waandike, na wasio nayo wahifadhi kifuani: ya kwamba katika mwaka ule kulungu alipokoswa, siku ya Jumanne, theluji ikianguka, udevu mkuu wa nyumba ya Vandehei, uliokishinda kibano na miaka, uliacha ngome yake bila kuvutwa, mtahini akaona, mtawa akashuhudia, jimbo likatia muhuri. Na mwuza chambo wa Stenby alihamishia nyungunyungu wake mji wa pili, wala hakuna mwanamke yeyote aliyekwenda tena kuangalia mapazia.